Three Times, Eros ama If These Walls Could Talk 2: uanze na gani?

Kama unatafuta muvi moja ya wikendi, iwe ya watu wazima, iongee mambo ya mapenzi na tamaa bila kukuhubiria, na ikupitishe miaka tofauti tofauti ndio uone watu wa zamani walikuwa wanajificha wapi, basi pengine ushatajiwa hizi tatu na bado umekwama. Three Times ya Hou Hsiao-hsien kutoka Taiwan, ya 2005. Eros ya 2004, ambayo waongozaji watatu waligawana, Wong Kar-wai, Steven Soderbergh na Michelangelo Antonioni. Halafu If These Walls Could Talk 2, HBO waliitoa mwaka wa 2000. Zote ziko na stori tatu tatu ndani, na kufanana kunaishia hapo hapo, kwa sababu mtu aliyependa moja anaweza kulala fofofo kwa nyingine hata dakika ishirini hazijaisha.

Najua kuna mtu hapa Kisumu ashaanza kuuliza mbona Stories of Our Lives haimo na ni yetu. Hiyo ni vipande vitano vya nyeusi na nyeupe, kazi ya The Nest Collective ya Nairobi, ikaonyeshwa Toronto 2014 na nyumbani KFCB, ile bodi ya kukagua filamu Kenya, wakaikatalia ruhusa ya kuonyeshwa. Siwezi kukusaidia kuchagua kitu kilichofungiwa, na tena haihami miaka, stori zake zote ni za siku hizi. Tuiache kando.

Vile nimezipima

Cha kwanza ni miaka yenyewe. Kuna muvi zinabadilisha mwaka kwa kubadilisha nguo na gari tu, stori ni ile ile. Kipimo changu ni rahisi, chukua stori ya 1961 uilete leo, ikiendelea kama kawaida basi huo mwaka ulikuwa urembo, ikivunjika basi mwaka uko na kazi.

Cha pili ni tamaa inaonyeshwa kwa njia gani, kwa ngozi ama kwa macho na mikono, na hapa naongezea swali la sisi tunaoishi nyumba za watu wengi: unaweza kuitazama sebuleni mtu akipita kwenda kuchukua maji?

Cha tatu ni kipande kibovu. Sijawahi kuona muvi ya aina hii ambayo haina kipande kimoja cha kuburuta miguu, haipo. Kwa hivyo siulizi kama kipo, nauliza kiko wapi, kimekaa mwanzo ama mwisho, na kama ukikiruka utakosa kitu.

Cha nne ni uvumilivu, yaani kasi na lugha, utasoma sabtaito ama hapana. Halafu mwisho nasema inafaa nani.

Na zote tatu mimi nazihesabu za miaka 18 kwenda juu. Ukitaka kuonyesha watu ukumbini, hata kama ni kilabu kidogo cha filamu pale Nakuru, unahitaji ruhusa ya KFCB kwanza. Hapa naongea na mtu wa laptopu na earphone.

If These Walls Could Talk 2

Nyumba ni moja, wanaoishi ndani ndio wanabadilika. 1961, 1972, 2000, na kila mara ni wanawake wanaopenda wanawake, kila kipande na mwongozaji wake.

Kwa upande wa miaka hii ndio inaongoza, na sababu ni kile kipande cha 1961. Edith na Abby ni kina mama wazee, wameishi pamoja miaka mingi na watu wa nje wanajua ni marafiki tu. Abby anaanguka kutoka kwa ngazi, anapelekwa hospitali, na Edith anaachwa amekaa nje usiku kucha kwa sababu si jamaa ya mgonjwa. Abby anafariki na hakuna hata mmoja anamwendea kumwambia. Halafu mpwa wa Abby anakuja na bibi yake kwa mazishi, na kwa makaratasi nyumba ni ya Abby, kwa hivyo sasa ni ya mpwa. Kabla hawajafika Edith anazunguka akitoa picha ukutani na kutengeneza chumba cha pili kikae kama kuna mtu alikuwa analala humo. Hiyo tu, mama mzee anapanga chumba, na sijaona sehemu ya mapenzi yenye uchungu kama hiyo hata pale watu wako kitandani.

Mtu wa huku kwetu hahitaji kufafanuliwa kitu hapo. Tumeona mashemeji wakifika matanga wakianza kuhesabu mabati, viti na ng'ombe mwenye kufiwa hajakauka machozi. Tofauti ni kwamba mjane wa Siaya ama wa Bungoma, hata wakimnyang'anya, kila mtu anajua ni mjane na anaweza kwenda kwa chifu ama kotini na hilo jina. Edith hata hilo hana, inabidi alie kama rafiki. Ukileta hii stori kwa nchi ambayo sheria imebadilika inavunjika kabisa, na ndio maana nasema hapa mwaka uko na kazi. Vanessa Redgrave aliyecheza Edith alipata Emmy na Golden Globe, na haongei sana.

1972 inahamia kwa vijana wa chuo. Linda, Michelle Williams huyo, na wenzake wanafukuzwa kwa kikundi cha kutetea haki za wanawake, kikundi ambacho wenyewe walisaidia kukiendesha, ati wataharibia wengine jina. Wanaenda baa, na Linda anampenda Amy, Chloë Sevigny, anayevaa tai na shati la kiume. Sasa wale wale waliofukuzwa wanaanza kumcheka Linda kwamba anaaibisha kikundi kwa kutembea na mtu anayevaa kama mwanaume. Hapo ndipo nilipenda, kwa sababu muvi nyingi za aina hii zinaonyesha wabaya wakiwa nje, hii inaonyesha vile mtu akishaumizwa haimaanishi amejifunza kutoumiza wengine. Ngozi inaonekana, sehemu ya kitandani haijaharakishwa, usitazame sebuleni.

Kipande kibovu ni cha mwisho, 2000. Sharon Stone na Ellen DeGeneres wanataka mtoto na wanahangaika na mambo ya mbegu za kununua. Kilielekezwa na Anne Heche, wakati huo akiwa mpenzi wa DeGeneres, na unaona furaha ya watu wanaojuana ikifurika hadi inamwagikia mtazamaji. Ni kichekesho. Si kibaya sana, tatizo ni kinakuja baada ya Edith, na moyo wako bado uko kwa ile nyumba ya 1961. Wengine watasema ndio maana kiliwekwa hapo, ndio upumue. Sawa, mimi sikupumua.

Uvumilivu: hakuna haja kubwa. Ni Kiingereza, ilitengenezewa televisheni kwa hivyo inasonga, na haifiki saa moja na dakika arobaini.

Inafaa mtu anayetaka stori yenye mwanzo na mwisho na kitu cha kubishania baadaye. Haimfai mtu aliyefiwa na mwenzake juzi, huyo nitarudi kwake.

Three Times

Hapa hakuna nyumba moja, kuna sura mbili. Shu Qi na Chang Chen wanacheza wapenzi wa 1966, halafu wa 1911, halafu wa 2005, kwa mpangilio huo, usidhani umekosea kubonyeza.

Miaka inafanya kazi lakini kwa njia ya ujanja zaidi, kwa sababu Hou habadilishi tu dunia, anabadilisha hata namna ya kutengeneza filamu. Kipande cha 1911 ni cha kimya. Midomo inasonga, sauti husikii, maneno yanaandikwa kwa kadi katikati, kuna piano na kuimba. Wakati huo Taiwan iko chini ya Wajapani tangu 1895, na jamaa ni msomi, ameshikwa na mambo ya ukombozi wa nchi yake. Anatembelea nyumba ambayo wanawake wanawaimbia wageni wenye pesa, na mmoja wao anampenda. Jamaa anasaidia kulipa pesa ya kumtoa msichana mwingine mdogo humo ndani, lakini huyu aliye mbele yake, anayemvalisha na kumnawisha, akiuliza habari ya maisha yake mwenyewe hapati jibu. Hotuba za uhuru zimemjaa kichwani na mwanamke wake anabaki pale pale. Sijui kama unahitaji kuwa Mtaiwani kumjua huyo mwanaume, siasa za hapa kwetu ziko nao wengi tu.

1966 ndio kipande ambacho watu hukumbuka. Kijana anaenda jeshini, anakutana na msichana anayefanya kazi mahali pa kucheza pool mjini Kaohsiung, anamwandikia barua. Akipata likizo anarudi anakuta msichana ashahama, basi anaanza kumfuata mji baada ya mji, akiuliza. Anampata. Wanakula, wanasimama kituo cha basi usiku mvua ikinyesha chini ya mwavuli mmoja, mkono unatafuta mkono. Imeisha. Hakuna busu, na nakwambia utajikuta umeshika pumzi. (Nyuma unasikia Rain and Tears, wimbo uliotoka 1968, na stori ni ya 1966, na hakuna mtu mwenye akili timamu atalalamika.)

Kipande kibovu, kwa watu wengi, ni cha 2005. Taipei, mwanamke mwimbaji, ana kifafa na jicho moja linafifia, ana mpenzi wa kike nyumbani na anatoka kisiri na jamaa mpiga picha. Meseji, pikipiki, taa za bluu, kila mtu amenuna. Ni baridi na kuna wakati utaangalia saa. Lakini nitakitetea kidogo, kwa sababu ndicho kinachofanya vile vingine viwe na maana: 1966 walikuwa na barua tu na wakapatana, hawa wako na simu mfukoni, hakuna mzazi wala sheria ya kuwazuia, na bado hawafikiani. Ukikiruka utabaki na muvi mbili nzuri, ukivumilia utabaki na wazo moja.

Tamaa ni ya macho, mikono, na mgongo wa mtu akiwasha sigara. Ngozi kidogo tu kile kipande cha mwisho. Hata mtu akipita sebuleni hatashtuka, labda atauliza kwani hii muvi imeganda.

Maana iko polepole, tuambiane ukweli. Zaidi ya saa mbili kidogo, sabtaito mwanzo hadi mwisho, na kamera inakaa mahali pamoja hadi uanze kuona vumbi. Kama umezoea muvi ambazo DJ Afro anakueleza kila kitu na kukuchekesha juu yake, hapa utakuwa peke yako. Usianze saa nne usiku baada ya siku ya kazi.

Inafaa mtu mwenye subira, anayependa picha yenyewe, na mtu ambaye amewahi kupenda kwa mbali. Shu Qi alishinda mwigizaji bora wa kike tuzo za Golden Horse mwaka huo huo, na ukiona vile anabeba wanawake watatu bila kuwafananisha utaelewa.

Eros

Hii ni ngumu kuipima kama moja, kwa sababu ni muvi tatu za watu watatu ambao ni kama hawakuwahi kuongea. Kwa hivyo nitaenda haraka, isipokuwa pale inapostahili.

Pale inapostahili ni The Hand, ya Wong Kar-wai. Hong Kong ya miaka ya 60. Fundi nguo kijana, ambaye ni Chang Chen tena, yule yule wa Three Times, anatumwa nyumbani kwa Bi Hua, Gong Li, mwanamke anayetunzwa na wanaume matajiri. Siku ya kwanza anamgusa kwa mkono kwa namna ambayo kijana hatawahi kusahau, anamwambia hivi ndio utanikumbuka ukinishonea. Basi miaka inapita anamshonea. Wanaume wanapungua, pesa inaisha, ugonjwa unaingia, nguo zinaanza kubaki kwa fundi hazijalipiwa, na kijana anajua mwili wake kwa futi ya kupimia kuliko mwanaume yeyote aliyelala naye. Kuna sehemu anaingiza mkono ndani ya gauni tupu, hakuna mtu humo, na ni sehemu ya tamaa kali kuliko uchi wote wa vipande vilivyobaki. Ilipigwa 2003 wakati wa ule ugonjwa wa kuambukiza wa SARS, watu wakiogopa kugusana, na ukishajua hivyo hutaiona tena kama ulivyoiona.

Equilibrium ya Soderbergh iko New York 1955. Robert Downey Jr. ni mtu wa matangazo ya biashara mwenye wasiwasi, amelala kwa kochi la daktari wa akili akieleza ndoto ya mwanamke anayemjia kila mara, na daktari, Alan Arkin, wala hamsikilizi, ako dirishani na darubini anachungulia mtu wa ng'ambo. Inachekesha, ni fupi, na maongezi yako sawa kabisa. Mwaka? Unaweza kuihamisha hadi leo na itembee, ubadilishe darubini uweke simu, kwa hivyo kwa kipimo changu cha kwanza inapoteza alama.

Halafu Antonioni. Huyu alikuwa mkubwa wa sinema ya Italia, alipata kiharusi 1985 kikamwathiri kuongea, na muvi inatoka ashapita miaka 90. Heshima zote kwake. Lakini kipande chake, wenzi wawili waliochokana na mwanamke mwingine anayeishi kwa mnara karibu na bahari, ndicho kipande kibovu kuliko vyote tisa ninavyoongelea hapa. Uchi ni mwingi, tamaa haionekani popote. Mpangilio unatofautiana kutoka nakala moja hadi nyingine, kwa hivyo ukikuta ndicho cha kwanza usife moyo ukazima, peleka mbele.

Sebuleni hapana, tena hapana. Urefu haufiki saa moja na dakika hamsini, lugha tatu, Kichina, Kiingereza na Kiitaliano, kwa hivyo sabtaito nusu ya safari na zaidi.

Inafaa mtu anayependa kuonja vitu tofauti na hajali kuacha kimoja kwa sahani. Haimfai mtu anayetaka aone miaka ikiongea na miaka mingine, hapa kila kipande kinaongea peke yake.

Ukiziweka pamoja

Kitu kimoja kilinisaidia kuzitofautisha. Watu katika hizi muvi wanatamani vile vile, 1911 ama 2005, hakuna aliyevumbua kitu kipya. Kinachobadilika ni kile kinachosimama katikati yao. Kwa If These Walls ni sheria na jamaa, vitu vya nje, unaweza kuvinyooshea kidole ukakasirika. Kwa Three Times kinaanza nje, umbali na jeshi, kinaenda kwa cheo na pesa, halafu kinaishia ndani ya watu wenyewe. Kwa The Hand ni tofauti ya mtu anayelipa na mtu anayelipwa, hadi hizo nafasi zinapogeuka. Kwa hivyo jiulize uko na nguvu ya kukaa na kizuizi gani hii wikendi, cha kukukasirisha, cha kukuhuzunisha polepole, ama cha kukuchoma mara moja.

Sasa, kulingana na vile uko

Umechoka, umetoka kazi, unataka stori isonge na usisome chochote: If These Walls Could Talk 2. Ikifika 2000 na usingizi umekushika, lala tu, hujakosa.

Umefiwa na mwenzako, ama mko na kesi ya urithi na watu wa boma: usianze na hiyo, hata kama kila mtu ameisifu. Kipande cha 1961 hakina huruma. Three Times itakushika taratibu zaidi, ukianza na 1966.

Mko wawili, bado mpya, na hamjui kama mnaweza kuongea haya mambo wazi: Three Times. Haitawaaibisha, na ile ya 1911 itawapa kitu cha kuongea ambacho si nyinyi. Kama mmekaa miaka na mazungumzo yameisha, The Hand, halafu mzime hapo.

Unasomea filamu, Maseno, Egerton ama popote: tazama 1911 ya Hou na The Hand usiku tofauti, kisha uangalie vile wote wawili wananyima kamera kitu ambacho mwingine angeonyesha. Kwa sababu ni mwigizaji yule yule wa kiume, utaona kazi ya mwongozaji waziwazi.

Nyumba imejaa watu na huna earphone: Three Times peke yake, hizo zingine ngoja watu waende kanisani.

Uko na saa moja tu: The Hand inatosha, na kuna toleo refu lililotolewa baadaye, linakaribia saa nzima, ukilipata chukua hilo.

Na kama mko kikundi na hamkubaliani, kuna njia ambayo wenye muvi hawatapenda lakini inafanya kazi, toeni kipande kimoja kwa kila moja, 1961, 1966 na The Hand, mtazame kwa huo mpangilio. Ni kama saa mbili hivi. Wekeni 1961 mwanzo watu wakiwa bado macho, chai ije kabla ya The Hand.